Mistari ya Majivu

Hata leo, harufu ya majivu yaliyolowa mvua hunirudishia aibu. Wakati wa vita papa, baba yangu, alikuwa mwamuzi wa mashindano ya mpira ya likizo kubwa ya shule katika kartie yetu, mtaa mmoja wa Bukavu, na mimi nilichora mistari ya kiwanja kwa majivu ya jikoni. Siku ya fainali timu ya askari ilikuwa nyuma kwa goli moja. Mchezaji wao akaanguka, mbali kabisa na mistari yangu ya penalti. Wenzake wakasogea na bunduki zao. Papa akapiga filimbi: penalti.

"Papa yako iko muoga!" watoto wakanizomea.

Jioni nilikataa kula mbele yake. Maman akanisogezea sahani.

"Angalia kiti ya papa yako," akasema polepole. "Iko na mutu. Leo ingeweza kuwa tupu."