Sauti ya Bibi Ndani ya Gemu

Wenzangu mliokua Songea kabla barabara ya Tunduru haijawekwa lami, ninyi mtanielewa bila maelezo mengi. Mnaukumbuka mwezi wa saba wa kwetu Ruhuwiko, baridi inakung'ata masikio, tuko kwenye mchakamchaka na sweta zilizolegea viwiko, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi nasi tunajifanya tunavuta sigara mpaka mwalimu wa zamu atuone. Mnaikumbuka rede tuliyocheza kwa mpira wa soksi, na kombolela, na yule mtoto mmoja wa kila mtaa ambaye akijificha hapatikani mpaka anaitwa kula. Mihogo ya kuchoma tuliila na majivu yake. Togwa tulilinywa kwenye kikombe kimoja cha bati kilichozunguka, na aliyekunywa zaidi ya mikupuo mitatu alipigwa kiwiko.

Lakini msidhani tulikuwa washamba kabisa. Nyumbani kwetu kulikuwa na gemu.

Lilikuwa gemu la mkononi, jeusi, lenye ufa kwenye kona ya kioo, na mjomba wetu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam ndiye aliyetuletea alipolichoka. Mimi Zuhura nilikuwa darasa la sita, dada yangu Mwanaidi kidato cha kwanza. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na juu ya kila kitu cha umeme alikuwa na amri moja tu: "Usichokijua usikivute." Basi gemu lile hatukulivuta wala kulilazimisha. Tulilisoma polepole, kitufe kimoja kimoja, na kamusi ya shule pembeni, kwa sababu kila kitu humo kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyogundua kwamba mbali na michezo ya magari na mipira, lilikuwa na programu ya kusikilizia muziki.

Na programu hiyo mwaka ule ndiyo iliyokuwa mama yetu.

Naeleza. Bibi mzaa mama, aliyekuwa akiishi karibu na Mbesa, wilayani Tunduru, alianguka kisimani akavunjika nyonga. Mama akaenda kumuuguza, na wiki mbili alizotuahidi zikageuka miezi. Kule kijijini mtandao ulipatikana juu ya kichuguu fulani tu, tena kwa kubahatisha. Kwa hiyo mama alibuni njia yake. Alimrekodi bibi kwenye simu akitusimulia hadithi, na yeye mwenyewe akaongeza maneno ya nyumbani, kisha akachomoa memori kadi, akaifunga kwenye kipande cha kanga na kuikabidhi kwa watu wa basi. Simu ya baba ilikuwa kitochi, haina hata pa kuichomeka. Gemu letu lilikuwa napo.

Kadi ya kwanza ilifika, tukaicheza. Ya pili ikafika, tukaicheza mpaka tukajua bibi anakohoa mahali gani. Alikuwa anatusimulia juu ya msichana aliyejificha darini huku fisi akinusa mlango, akichanganya Kiswahili na Kiyao kama kawaida yake, na alipofika pale fisi anapoiona ngazi, kadi ikaisha. Ikaisha hivyo hivyo! Wiki nzima Mwanaidi na mimi tulibishana kama fisi anaweza kupanda ngazi.

Kadi ya tatu ililetwa Alhamisi na konda wa basi la Tunduru. Alimkuta baba kwenye baraza lake la kushonea.

"Mzigo wako huu, mzee," alisema. "Nilipewa Tunduru mjini na mtu aliyetoka Mbesa. Kasema mama watoto anaomba msikilize upesi. Kuna neno humo."

Baba aliacha nguo kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa. Sikuwahi kumwona akiacha kazi namna ile. Alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Haya, fungueni."

Nikachomeka kadi. Nikafungua programu ya muziki. Kioo kikaandika maneno yaliyomaanisha kwamba hakuna wimbo hata mmoja.

Nilizima nikawasha. Nilichomoa kadi, nikaipangusa kwa gauni, nikairudisha. Hakuna. Nikaweka ile kadi ya zamani, na bibi akaanza kukohoa papo hapo. Nikarudisha mpya, kimya. Baba alipiga namba ya mama, ikawa haipatikani. Akapiga tena baada ya alasiri, akapiga baada ya magharibi, haipatikani. Chakula chake kilibaki, nasi tulijua anawaza nini. Mgonjwa mzee, simu imezimwa, na neno la kusikilizwa upesi. Mwanaidi alilia chini ya blanketi. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira na kile kioo.

Ijumaa, baada ya baba kutoka msikitini, tulikwenda mjini kwa fundi wa redio na simu ambaye watu wote walimwita Fundi Waya. Kibanda chake kilijaa redio zilizofumuliwa matumbo. Baba alipomweleza kwamba gemu la watoto halioni kitu, aliichomeka kadi kwenye mashine yake ndogo, akatazama, akasonya.

"Kadi imekufa hii. Haina kitu," alimwambia baba. "Niifomati tu, itakuwa mpya."

"Kufomati ndiyo nini?" baba aliuliza.

"Naisafisha. Inafutwa yote, mnaanza kuweka nyimbo upya."

Kidole chake kilikwisha fika kwenye kitufe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa mtoto niliyefundishwa kuwaamkia wakubwa na kunyamaza. "Shikamoo fundi, usifute!" nikapiga kelele, salamu na amri vikitoka kwa pamoja. "Kama haina kitu, unafuta nini?"

Watu waliokuwa wanasubiri simu zao walicheka. Fundi Waya hakucheka. "Mzee, mtoto wa kike na magemu wapi na wapi? Atakufundisha kazi yangu?"

Baba alinitazama. Kisha akanyoosha mkono wake wenye alama za sindano, akasema kwa upole, "Nirudishie kadi yangu, fundi. Tutaona."

Njiani hakunigombeza, na hilo lilinitia hofu zaidi, kwani sasa jambo lote lilikuwa langu. Tulipofika nyumbani niliketi kwenye mkeka na gemu langu, nikaacha kabisa kuihangaikia programu ya muziki. Nikaanza kuzunguka huko kwingine, kwenye kurasa za mipangilio ambazo hatukuwa tukizigusa. Ndipo nilipoona ukurasa unaoonyesha nafasi iliyobaki kwenye kadi. Nikaweka kadi ya pili, nusu ilikuwa tupu. Nikaweka hii iliyokufa. Ilikuwa imejaa karibu yote.

"Baba!" niliita. "Imejaa! Bibi yumo humu, ila gemu halimwoni!"

Jumamosi asubuhi na mapema tulikuwa mlangoni kwa dada Oliva, msichana aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, na kompyuta moja yenye mgongo mkubwa. Alikuwa mcheshi, mwenye nywele za rasta za kahawia, na alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Tulifungua kadi zote mbili tukaweka majina ya vitu vyake ubavu kwa ubavu. Kwenye kadi mpya kulikuwa na folda yenye rekodi tano. Fundi alikuwa ametafuta nyimbo, na kwa kuwa hazikufanana na nyimbo alizozizoea, akaona hakuna kitu.

"Tazama mwisho wa majina," nilimwambia dada Oliva. "Zile za zamani zinaishia na herufi hizi. Hizi mpya zina nyingine."

Nikazibadilisha herufi zile za mwisho, zikafanana na za zamani. Tukachomeka kadi kwenye gemu. Majina yakatokea! Mwanaidi alirukaruka. Nikabonyeza, na programu ikaganda, kioo kikawa kama kimepigwa na baridi, ikabidi kuzima kwa kubana kitufe.

Dada Oliva alicheka. "Zuhura mdogo wangu, umembadilisha shati tu, mtu ni yule yule. Hizi zimerekodiwa na simu ya aina nyingine, ndiyo maana. Turudishe majina yake, halafu tuzigeuze zenyewe. Ninayo programu ya kugeuza, naitumia kwa kanda za harusi."

Akaanza. Mstari wa kijani ukawa unatambaa kwenye kompyuta, pole pole, na sisi watatu na baba tumeukodolea macho kama watu wanaotazama penalti. Ulipofika karibu na mwisho, umeme ukakatika.

Mtaa wote ulisema "aaah" kwa sauti moja, kama mnavyokumbuka. Baba alitoka nje akasimama na mikono nyuma. Tulikaa kwenye kiza cha duka lile tukila karanga za dada Oliva. Mimi nilikuwa nahesabu yale yote tuliyofanya, lipi la kwanza, lipi la pili, ili umeme ukirudi nisipoteze hata dakika. Ulirudi yapata saa nne na nusu. Tukaanza upya. Mstari ukatambaa hadi mwisho. Nikaitoa kwenye kadi ile folda ya mwanzo, ikabaki kwenye kompyuta, nikanakili rekodi zilizogeuzwa mahali pake, nikachomeka, nikafungua programu. Hakuna wimbo hata mmoja.

Hapo machozi yalinijia kweli. Lakini nikakumbuka kuangalia kadi ya zamani mara nyingine, na nikaona kuwa rekodi zake zilikuwa ndani ya folda yenye jina la muziki, wakati mimi za sasa nimezimwaga nje tu. Nikatengeneza folda ile ile, herufi kwa herufi, nikazisogeza ndani. Chomeka. Fungua. Tano! Nikabonyeza ya kwanza.

"Baba Mwanaidi," ikasema sauti ya mama, na baba akashika kizingiti cha mlango. "Msishtuke, simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji, hii nimeazima kwa jirani. Mama anatembea. Na fimbo, lakini anatembea! Daktari ametuachia. Jumamosi tunapanda basi, tunakuja naye huko huko nyumbani. Njoo stendi na mtu mwenye nguvu, ngazi za basi ni ndefu, hawezi kushuka mwenyewe. Na kile kitanda chetu mkishushe matofali."

"Jumamosi ni leo," alisema Mwanaidi.

Sikuwahi kuyaona meno ya baba yote mpaka siku ile. Alicheka, akampa dada Oliva mkono, akamrudia akampa tena. Halafu akanibeba, mimi mtoto wa darasa la sita, miguu yangu inaburuza, akatoka nami mpaka katikati ya njia akisema kwa kila aliyepita, "Huyu ndiye fundi! Huyu hapa!"

Tulikimbia nyumbani. Matofali yakatolewa chini ya kitanda, nyumba ikadekiwa, kuku mmoja akapoteza maisha. Tulipokuwa tukimnyonyoa tulisikiliza rekodi nyingine nne, na naomba niwaambie kwamba fisi alipanda ngazi kweli, akavunja ya tatu kutoka juu, akaanguka kwenye chungu cha uji wa moto, na hadi leo ndiyo sababu anachechemea. Bibi alicheka mwenyewe mpaka akashindwa kuendelea.

Saa kumi basi liliingia stendi likiwa jekundu kwa vumbi. Baba na jirani yetu walipanda, wakashuka wamembeba bibi kwenye mikono yao kama kiti. Alikuwa mwepesi, kope nyekundu kwa vumbi, na fimbo ameikumbatia. Aliposimamishwa chini alikataa kushikwa. Akatembea hatua sita peke yake mpaka tulipokuwa.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Hadithi mmeisikia?"

"Mpaka mwisho, bibi!"

Mama alikuwa nyuma yake na vikapu vya korosho, anacheka na kulia. Baba alimwambia, "Zuhura asingekuwepo, mngetukuta hatupo hapa. Kidogo tufute kila kitu."

Jumatatu baada ya shule nilipita kwa Fundi Waya na gemu langu. Niliweka spika hadi mwisho na kuwaacha bibi na fisi wake wakijaze kibanda. Alisikiliza, akajikuna kichwa, akavuta stuli. "Kaa hapa," alisema. "Hebu nioneshe ulivyofanya." Nikamwonesha hatua kwa hatua, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa watu wa Ruhuwiko kuniletea redio na simu zao na kuniita fundi, jina linalonipa ugali mpaka leo.

Siku hizi wanangu wana simu zenye nyimbo zisizohesabika. Kitu kikigoma mara moja, wananiletea wakiwa wamekwisha nuna: "Mama, imeharibika, tununue nyingine." Mnyonge ni nani, simu au wao, sijui. Bibi yao mkubwa ametangulia mbele za haki, na mama akiwa Tunduru wanamwona usoni kwa video, wanamwambia shikamoo huku wanaangalia kitu kingine. Siwalaumu. Wana raha zao ambazo sisi hatukuziota. Ila nyakati nyingine nawatazama wakibonyeza wimbo na kuuacha katikati, wakibonyeza mwingine na kuuacha, na nawaonea huruma kidogo. Wao wakibonyeza, kinacheza. Sisi kilipocheza, tulishangilia.