Chumvi Kwenye Paji la Uso

Saa tatu asubuhi, mvua inainyeshea pwani ya Konemara bila huruma. Jikoni kwa Peigí, muuguzi Bairbre Seoighe anapuliza viganja vyake vipate joto, kisha anashika kisigino cha mtoto wa siku nne.

"Taratibu, nesi! Huyo si kiazi," anang'aka Peigí, bibi wa mtoto.

"Kiazi kingenyamaza, mama."

Anakichoma, na matone manne ya damu yanajaza miduara minne kwenye kadi ya vipimo. Peigí anainyakua aianike juu ya jiko, penye soksi. Bairbre anamwahi; joto huharibu damu.

Kadi itakwenda Dublin kwa posta. Huko damu itapimwa magonjwa kadhaa, ukiwemo sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito mapafuni na kutia chumvi nyingi kwenye jasho. Ukigunduliwa mapema, mtoto huanza tiba kabla hajadhoofika.

Sorcha, binti wa Bairbre, hakuipata bahati hiyo. Alizaliwa mwaka 2002, kabla kipimo hicho hakijaanza kufanyiwa watoto wote.

"Kila nilipombusu nilionja chumvi," Bairbre anamwambia Peigí. "Lakini kwetu bahari iko mlangoni, hata vioo vya madirisha vina chumvi. Nikasema, aa, ni upepo tu huo. Mimi, nesi mzima!"

Sorcha aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo akiwa na miaka mitatu, mapafu yameshaumia. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa.

"Kikohozi chake cha alfajiri nilikichukia. Leo ningetoa mshahara wa mwaka mzima nikisikie tena, hata mara moja."

Badala yake huendesha gari kilomita mia nne kwa wiki, akifuata visigino vya watoto wa wenzake.

Kabla Bairbre hajaondoka, Peigí anamsogezea mtoto ambariki, kama ilivyo desturi. Bairbre anambusu kwenye paji la uso, na ulimi wake unapita midomoni.

"Ana ladha gani?" Peigí anauliza, safari hii bila utani.

"Ya maziwa. Ila usiniamini mimi, mama. Ngoja kadi."

Bairbre anastaafu mwezi Machi. Mei, mwanawe Ruairí anatarajia mtoto wa kwanza, na Bairbre ameshaomba muuguzi mwingine akamchome mtoto huyo kisigino.

"Mimi nitakaa nisubiri majibu kama bibi yeyote," anasema, akiifunga kadi ndani ya bahasha. "Yakija mazuri, nitambusu mpaka anikimbie. Natamani, kabla sijafa, nimbusu mtoto bila kumwonja."