Upenu wa Selby Pelley

Katika kijiji cha Sculpin Cove, huku kisiwani Newfoundland, mlango wa mbele wa nyumba ni wa padri, wa polisi na wa jeneza. Watu wengine wote huzunguka nyuma, hufungua bila kubisha na kujikuta jikoni. Ndiyo maana Garland Stuckless aliporudi kutoka kwenye visima vya mafuta vya Alberta, akaikarabati nyumba ya marehemu baba yake na kuweka upenu wa kioo juu ya mlango wa mbele, kijiji kizima kilicheka. Selby Pelley hakucheka.

Selby alikuwa seremala, na nyumba yake ilitazamana na ya Garland. Upenu ule ulichorwa na mtu wa mjini, ilhali fundi alikuwapo ng'ambo ya njia tu, na hilo peke yake lilitosha kumchoma. Lakini kulikuwa na jingine lililomchoma zaidi. Zamani, kabla Selby hajafikiriwa kuwa mume wa mtu yeyote, Effie alikuwa mpenzi wa Garland. Sasa Effie ni mke wa Selby, watoto wao wamekua na kuhama, na siku moja ya mvua alimpelekea jirani mkate mtamu wa molasi.

Alirudi uso umenawiri. Alisimulia jinsi alivyosimama mkavu chini ya kile kioo huku mvua ikimwagika pembeni, akabisha kama watu wa kwenye televisheni, na Garland akamfungulia, akampokea koti, akamkaribisha sebuleni.

"Kakufanya mgeni," Selby alisema.

"Basi ugeni mtamu," Effie alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Jioni ile Selby hakugusa chakula. Alitoa mabaki ya karatasi za ukutani, akazigeuza upande mweupe, akaanza kuchora upenu wake mwenyewe.

Aliujua ubaya wa kioo. Theluji ikiporomoka kutoka juu ya nyumba, kioo ni majuto. Wake ungekuwa wa mbao, wenye mteremko mkali ili theluji isipate pa kukaa. Ungebebwa na mihimili miwili ya kuchonga, iliyofungwa kwa bolti hadi kwenye nguzo za ndani ya ukuta, si kwenye mbao za nje tu, maana upepo wa huku huingia chini ya kitu na kukinyanyua. Bati jembamba lingepita nyuma ya mbao za ukutani ili maji yasirudi ndani. Kazi safi kabisa. Hilo ndilo la kuudhi kuhusu wivu, kwamba hutumia mikono ile ile inayotumiwa na upendo.

Ila kila akimaliza mstari alichungulia dirishani, akautazama wa Garland, kisha akaupanua wake kidogo. Mchoro wa kwanza ulimtosha mtu mmoja. Wa mwisho ungeikinga kwaya ya kanisa. Effie aliukagua, akafungua mdomo kusema neno, lakini Selby akamkata kauli: asubiri uishe, ataona.

Alipokuwa akipigilia, Garland alisimama njiani na kuisifu ile mihimili. Selby alisikia kejeli tupu. Akajibu kwamba hiyo si ya kununua dukani. Garland akasema hilo linaonekana, akaenda zake, na Selby akapiga msumari uliofuata ukapinda.

Siku ya kumaliza, majirani walikusanyika. Bibi Violet Hynes, ambaye hajawahi kumwonea mtu haya, alitazama juu, akatazama chini, akauliza taratibu:

"Selby mwanangu, padri ataingia na mabawa?"

Selby akageuka. Mlango wake wa mbele ulining'inia juu ya majani, kimo cha kiuno cha mtu, bila hata kipandio kimoja chini yake. Babu yake aliyeijenga nyumba alikusudia kuweka ngazi baadaye, kama nusu ya wajenzi wa kijiji kile, na hiyo baadaye haikufika. Selby alikuwa amepita hapo maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kuutumia ule mlango, kwa hiyo jicho lake halikuwahi kuona pengo. Amejenga kofia ya kifahari juu ya hewa.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Effie hakucheka. "Ngazi," alisema. "Ndilo neno nililotaka kukwambia."

Garland naye hakucheka, na hilo lilimuudhi Selby kuliko kicheko. Alisema ana mbao zilizobaki za ngazi yake. Selby alikuwa tayari kukataa, lakini Effie aliwahi kushukuru na kumwambia azilete.

Wakafanya kazi pamoja. Kila ubao Garland alioukata, Selby aliupima upya kwa siri. Zote zilikuwa sawasawa. Iliuma.

Ngazi ilipokamilika, Selby alikwangua rangi iliyougandisha mlango kwenye fremu, Effie akausukuma kutoka ndani, ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa amevaa blauzi ya kanisani. Selby aliiona.

"Karibu, Garland," alisema Effie. "Mgeni tangulia."

Garland alifuta viatu, akapanda, akaingia. Mlango ukarudi nusu. Selby alibaki na nyundo chini ya upenu wake mwenyewe. Kuwafuata hakuweza, miguu yake haikujua kuingia nyumbani kwa upande ule. Akaitupa nyundo, akazunguka mbio, akateleza kwenye rundo la kuni, akaingia jikoni. Wale wawili walipoingia jikoni kutoka sebuleni walimkuta ameketi mezani, anahema, buti zina tope, ameshika kikombe kitupu.

Effie akachukua birika la chai.

"Selby Pelley," alisema, bila kupunguza sauti mbele ya mgeni, "ningemtaka Garland ningeondoka naye aliponiomba. Nilibaki. Ulidhani nilipenda hali ya hewa?"

Garland akainamia viatu vyake, kisha akacheka polepole. "Alinikataa mara mbili, kaka. Ya pili mama yangu akisikia."

Effie akamimina chai, kikombe cha mumewe kwanza. Selby alitaka sana kuuliza hiyo mara ya pili ilikuwa lini. Kabla hajafungua mdomo, Effie akamsogezea mkate na siagi.