Sisimizi Chini ya Mizinga

Kwa siku nne tangazo lile halikuondoka kwenye orodha ya mizigo mtandaoni, na Arlys Brekke hakuacha kulitazama. Lilitaka dereva mwenye lori lake mwenyewe, apakie karibu na Jamestown, Dakota Kaskazini, akashushe California. Akifanya vizuri, kazi ni yake kila msimu. Malipo mazuri. Mbona hakuna aliyelichukua? Tangu aache kampuni na kununua lori, Arlys alikuwa akiokota mizigo ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo. Bila kazi ya uhakika, lori lingeuzwa kabla ya Krismasi. Akapiga simu.

"Unajua mzigo ni nini?" iliuliza sauti nzito.

"Hukuandika."

"Nikiandika hawapigi. Ni nyuki, wanahamishwa wakakwepe baridi."

"Wangapi?"

Orrin Skadsen, mfugaji, akacheka. "Wewe wa kwanza kuuliza hivyo. Wenzako hukata simu."

Jumanne asubuhi, baridi ya Oktoba ikiwa imewatuliza nyuki, Arlys alisimama uani kwa Orrin akitazama mizinga ikipandishwa kwenye tela, minne minne juu ya chaga za mbao. Hakukuwa na jambo asilouliza. Neti ya kufunika tela ni ya nini? Kwa nini asisimame juani?

"Ukisimama kwenye joto wanatoka kutembea," alisema Orrin. "Utaondoka, wao watabaki."

"Na mpakani California wanakagua nini?"

"Uchafu na sisimizi. Wakiwakuta, mzigo unarudishwa."

"Mama, wewe dereva au mwalimu wa sayansi?" alidakia Dell, shemeji yake Orrin, kutoka kwenye mashine ya kunyanyulia.

"Dereva. Mwalimu angeshakupa sifuri kwa ule mkanda uliofunga."

Akawasha tochi, akapiga magoti, akamulika chini ya chaga zilizokuwa bado zinasubiri. Udongo mkavu ulikuwa umeng'ang'ania kwenye mbao. Ndani yake sisimizi walijikunja kama mbegu.

"Wamekufa kwa baridi hao," Dell alisema.

Arlys alimwokota mmoja, akamweka kiganjani na kumpulizia pumzi ya moto. Mara ya pili mguu ukacheza. Mara ya tatu sisimizi akainuka, akashika njia kuelekea kwenye saa yake.

"Wakaguzi wanaangalia chaga mbili tatu tu," Orrin alisema. "Za pembeni ni safi. Shamba la California linanisubiri Ijumaa."

"Zioshwe zote. Na zilizopanda zishuke."

"Hiyo siku nzima! Nitatafuta dereva mwingine."

Mtu mwenye bosi huweza kusema alitumwa. Mwenye lori lake hana wa kumsingizia, na anayeukimbia ukweli huo hafai kuitwa mwenye kitu chochote.

"Mtafute," Arlys alisema. "Karatasi ya mpakani naitia saini mimi, na nimeshaona." Akaanza kufungua mikanda. Alijua huenda anaifungua na kazi yenyewe.

Orrin alitoa simu, akaitazama orodha. Siku nne, na aliyekubali ni mmoja tu, huyu aliyesimama mbele yake. Akairudisha mfukoni.

"Dell! Lete mpira wa maji."

Siku tatu baadaye, kabla jua halijapata nguvu, mkaguzi wa mpakani alilala chali chini ya tela. Alichukua robo saa, kisha akatoka akijipangusa mgongo.

"Nani kaosha hizi chaga?"

"Mwenye nyuki. Kwa hasira."

Mkaguzi akacheka, akagonga muhuri. Arlys hakusimama tena mpaka shambani, na neti ilipoondolewa akabaki kidogo kuwatazama nyuki wakizunguka juu ya mizinga yao, wakijifunza mahali walipo.

Simu ikalia.

"Wamefika?" Orrin aliuliza.

"Wamefika."

"Bado mizigo saba. Njoo Jumatano." Akaongeza kabla ya kukata simu: "Na hiyo tochi yako."