Skrubu ya Mlango wa Bafu

Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha vitanda vya chuma, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukaza bolti. Kitanda kilifika mbele yake kinayumba, kikaondoka kimesimama imara. Mtaani wakamwita Kaza. Alipostaafu, hakustaafu kukaza. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, huizunguka nyumba na bisibisi mkononi, akikaza bawaba, mikono ya sufuria, miguu ya meza, hata skrubu za miwani ya mkewe, Mama Mkubwa, mpaka siku moja zikakatika. Ukimwambia hakuna kilicholegea, anakujibu kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hasikii la muadhini wala la mteka maji.

Iliyoteseka kuliko zote ni skrubu ya kitasa cha bafu. Ilikazwa kila wiki mpaka ule msalaba wa kichwani, pale bisibisi inapokaa, ukalika na kuwa kishimo laini cha duara. Naye akaendelea kukikaza kishimo.

Jumamosi moja nilipita kwao ili nimsindikize Mama Mkubwa stendi. Binti yao alikuwa anakuja na basi la saa nne pamoja na mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa miezi mitano ambaye walikuwa hawajawahi kumwona ila kwenye simu. Mama Mkubwa alikuwa akihesabu siku tangu mtoto azaliwe. Akaingia kuoga mapema. Alipomaliza, kitasa kikagoma: mkono ulizunguka bure, ulimi wa kitasa haukurudi ndani. Ili kuufikia ulimi ilibidi kutoa kibati cha nje, na kibati kilishikwa na skrubu ile ile. Dirisha la bafu lenyewe anapita paka, tena mwembamba.

"Tulia humo ndani, mke wangu," alisema Baba Mkubwa. "Fundi yupo."

"Ndicho ninachokiogopa," alijibu Mama Mkubwa.

Bisibisi iliteleza. Akaleta kisu cha mezani, kikapinda. Akaleta koleo, lakini kichwa cha skrubu kilikuwa kimezama ndani ya kibati kwa sababu ya kukazwa, hakishikiki. Akaleta nyundo, nikamnyang'anya. Nikasema tumwite seremala wa jirani.

"Seremala yule? Viti vyake vinacheza," akasema, kana kwamba amenitajia kosa la jinai.

"Mwanangu, saa ngapi sasa?" Mama Mkubwa aliniuliza kutoka ndani.

"Saa tatu na nusu, Mama."

"Basi binti yangu atashuka na mtoto asikute mtu," akasema, na hapo sauti haikuwa na utani tena.

Baba Mkubwa alisikia. Akaweka bisibisi chini, akaegemeza paji la uso mlangoni, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia nikamwonea huruma.

"Nisikilize," alisema Mama Mkubwa. "Kata kipande cha mpira wa baiskeli. Kiweke juu ya kichwa cha skrubu, ukandamize bisibisi kwa nguvu, halafu uzungushe taratibu."

"Umejifunza wapi haya?"

"Nimeishi na wewe miaka mingapi?"

Mpira ulitafutwa karibu saa nzima, ukapatikana, ukakatwa, ukawekwa. Safari hii bisibisi ilishika barabara, haikuteleza hata kidogo. Baba Mkubwa akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ubao wa mlango ukalia. Skrubu haikusogea.

"Unazungushia upande gani?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Kulia."

Mama Mkubwa akagonga mlango kwa ndani, mara moja.

"Baba watoto, kulia ni kukaza."

Baba Mkubwa aliitazama bisibisi kama ndiyo iliyomdanganya. Mazoea yana taabu. Miaka yote ile kiwandani hakuna aliyemletea kitanda akimwambia akifungue, na nyumbani hajawahi kufungua kitu. Tangu asubuhi tulikuwa tumesimama pale tukimtazama anamfungia mkewe.

"Kwa hiyo nifanyeje?" akauliza, sauti ndogo.

"Kushoto."

"Kushoto," akarudia, kama mtu anayeelekezwa njia katika mji mgeni.

Skrubu ikalia kidogo, ikazunguka, ikatoka. Kibati kikaanguka sakafuni, nikausukuma ulimi kwa kisu kile kilichopinda, na Mama Mkubwa akatoka amejifunga taulo, povu limemkaukia sikioni. Hapo hapo tukasikia hodi. Binti yao alikuwa amechoka kungoja stendi, akachukua teksi.

"Mama, mbona hamkuja kutupokea?"

Mama Mkubwa alimchukua mjukuu wake vile vile na taulo lake, akalia mbele yetu sote bila aibu.

Zamu ya Baba Mkubwa ilipofika, alijifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Akampokea mtoto, akamshika kwa mikono yote, viwiko vimebana, taya limekaza. Mtoto akakunja uso, tayari kulia.

"Legeza," alisema Mama Mkubwa.

Baba Mkubwa akamtazama mkewe kwa makini.

"Upande gani?"

"Pande zote."

Akalegeza, na mtoto akatulia.