Kiti cha Babu Sebuleni kwa Mama

Wiki iliyopita nilirudi kwetu Ngonga kuwasaidia wadogo zangu kupaka rangi nyumba ya wazazi. Tulipotoa kabati la vyombo uani, harufu ya sebule ya mama ikanijia yote, sufi ya mito na mafuta ya taa, nikakaa chini palepale. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana sebule ile ilimtoa mama jasho.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imeanza kumwagika Kyela mjini, na mama hakutaka kupitwa. Kabati alilinunua kwa nesi aliyepata uhamisho. Meza ilitoka kwa mwenye duka mmoja wa Mbugani, mguu mmoja mfupi, ikawekewa kipande cha tofali. Mapazia yalikuwa mashuka ya mtumba yenye maua. Masweta yaliyochakaa aliyafumua, akakunja uzi, akafuma vitambaa vya kufunika kila kitu kilichokaa tuli. Sisi watoto tulitaniana kwamba anayesinzia naye atafunikwa. Jioni, wali umepaliwa makaa na vyura wanapiga kelele majarubani, alisimama mlangoni akiiangalia tu sebule yake.

Kisha babu, mzaa baba, akafariki. Baba akarudi kutoka msibani na kiti chake, kiti cha mbao cha kuegemea ambacho babu alikuja nacho ujanani kutoka migodini kusini. Akakiweka katikati ya sebule, kikitazama mlango. Tangu siku hiyo mama hakuingia tena.

Usimcheke. Kwetu Wanyakyusa, zamani, mke wa mtu hakumtazama baba mkwe wake wala kuzungumza naye, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Babu akija kwetu alikohoa tangu mbali, mama akajitanda khanga na kuishilia migombani. Miaka yote hawakuonana uso kwa uso. Lakini babu hakuacha kumtumia samaki, mbasa wanono wa ziwani. "Mpelekeeni mama yenu," alituambia. Shukrani za mama tulizirudisha sisi, na nyingi tulizisahau njiani tukicheza.

Basi kwa mama kile kiti kilikuwa babu mwenyewe. Vyombo alitutuma sisi. Wageni wakija aliwasalimu kutoka barazani, amegeuza mgongo. Jirani yetu akamtania, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako hata jembe hashiki." Mama hakucheka. Alimwomba baba akihamishe kiti, na baba, machozi yakimlengalenga, akamjibu, "Baba yangu nimpeleke stoo?" Mama hakurudia ombi lile. Wote wawili walikuwa na haki.

Bibi, mjane wa babu, alipokuja kututembelea kutoka Ngana, akamkuta mkwewe anachungulia sebule yake mwenyewe dirishani. Akaenda kukaa kwenye kile kiti, akamwita.

"Mwanangu, mume wangu hakuwa kiti. Na hata angekuwa, angeona aibu kukufukuza kwako. Mfumie kitambaa kama hivi vingine."

Mama akafumua sweta la bluu. Kipimo alinituma mimi nikachukue kwa kamba. Siku alipomaliza nilikuwa barazani nachambua mchele, nikamwona anavua ndala na kuingia ameinama. Akakitandika kitambaa taratibu, akazinyoosha pembe zote. Halafu akapiga magoti, akasema kwa sauti ndogo, kwa lugha yetu, "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba. "Samaki wote walinifikia." Mikono yangu ikasimama kwenye ungo. Sikuwahi kumsikia mama akimsemesha babu. Kesho yake alipokea wageni akiwa amekaa sebuleni, na baba siku hiyo alikula akashiba.

Kiti kililiwa na mchwa zamani, na wazazi wangu hawapo tena. Desturi ile nayo inakwisha, wala siililii yote. Baba mkwe wangu, mzaa mume wangu, hunipigia simu jioni, tukabishana habari za mvua na kakao mpaka salio limwishie. Nikiweka simu chini humkumbuka mama, roho ikaniuma. Alikuwa na mengi ya kumwambia yule mzee, na alipopata nafasi ya kuyasema, mzee hakuwepo kuyasikia.