Wajomba Walivyorudi na Kuku Wao

Jua ndiyo kwanza linapanda juu ya kambi ya jeshi, na Exaucée Bolingo tayari ana kichwa cha mtu katikati ya magoti yake. Kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, vidole vinakwenda mbio. Anayesukwa ni mke wa askari aliyehamia juzijuzi, anazungumza Kilingala. Anayesubiri benchini ni mama wa Kamina mjini, amekuja na beseni lake la mihogo, naye anataka mistari ya kulala nyuma, anaeleza kwa Kiluba. Exaucée anawajibu wote wawili bila kuinua macho.

“Nywele haina kabila,” anasema. “Kila mwanamuke analia pale unamuvuta.”

Msusi huyu ana miaka ishirini na miwili. Alizaliwa hapa hapa Base ya Kamina, lakini usithubutu kumwambia baba yake kwamba binti ni mtu wa Kamina. Adjudant Bolingo, ndicho cheo chake jeshini, aliletwa na kikosi kutoka Équateur, mbali kaskazini, akiwa kijana, na moyo wake aliuacha huko huko. Nyumbani ni Kilingala tu. Kiluba, Exaucée alikiokota shuleni kwa masista na vichwani mwa wateja.

Siku njema anasuka watu wanne au watano, na unga wa nyumbani unapatikana. Mvua ikinyesha, hapati kitu. Hata hivyo, anayemnyima usingizi ni Kitwa.

Kitwa huleta samaki wakavu kutoka Kinkondja kwa baiskeli, mzigo mkubwa kuliko yeye, siku kadhaa anasukuma kwa miguu kwenye mchanga. Siku moja alileta samaki nyumbani kwa akina Bolingo.

“Alikuwa na vumbi mupaka mu kope,” anakumbuka Exaucée. “Nikamupa mayi. Akakunywa, akamaliza, akabakia kusimama. Mama anamuuliza, ‘Weye, unangojea nini tena?’ Akaomba tena mayi.”

Mwaka jana ukoo wa Kitwa ukatuma wajumbe. Mjomba mkubwa, mzee Kalunga, mkulima wa kijiji cha jirani na mtu wa kanisa, akavaa koti lake la Pasaka na kumbeba kuku mweupe kwapani. Binti anayeombwa hakai na wageni. Exaucée aliwekwa chumbani na shangazi yake, roho juu, sikio ukutani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa heshima tupu. Mzee Kalunga alianza kwa Kiluba. Kwake yeye, kumwomba mtoto wa watu kwa Kiswahili ni kumwomba kama mtu anayeomba kupunguziwa bei ya mahindi. Adjudant, asiyejua hata neno moja la Kiluba, akaona anadharauliwa ndani ya nyumba yake. Akajibu kwa Kilingala, naye akitaka maneno mazito yasemwe kwa lugha ya nyumbani kwake. Wazee wakasikia amri za askari. Na wote hao, jamani, wanashinda wakiongea Kiswahili mchana kutwa.

“Miye nilisikia huku na huku,” anasema Exaucée. “Kalunga alisema, ‘Tunakuja kama batoto mbele ya baba yabo.’ Papa akasema, ‘Huyu mutoto ndo macho yangu, mutamuchunga?’ Yote maneno ya muzuri. Hakuna mwenye alisikia mwenzake. Na miye, mukono ya tantine iko mu kinywa yangu.”

Sauti zikapanda, viti vikasukumwa, wageni wakaondoka na kuku wao. Mtaa mzima ulimwona yule kuku akirudi, na hakuna aliyehitaji kuuliza jibu lilikuwa nini.

Kwa nini hakutoka? Swali hili linamuudhi.

“Nikitoka, banasema Kitwa anaoa mwanamuke hana adabu. Papa anapata haya. Nilibakia.” Anafumua msuko aliokosea. “Ninamutamani, sitaficha. Velo yake, ile baiskeli ya samaki, ikipita na kengele, mikono inasimama.”

Siku hizi kengele hiyo haisikiki mara nyingi. Huko Kinkondja wameanza kumtajia Kitwa msichana mwingine. Naye Adjudant anakaribia kustaafu, na amesema wazi kwamba akistaafu atarudi Équateur na watoto wake wote.

Basi Exaucée amepiga moyo konde. Juma lililopita mke wa Kalunga alikuja kusukwa. Mtu aliyeshikwa nywele hawezi kuinuka akaenda zake, na Exaucée akamweleza kwa Kiluba, neno kwa neno, alichosema baba yake siku ile. Mama yule alilia. Jana akatuma habari: mzee yuko tayari kurudi, ila aitwe.

Wa kumwita ni mmoja tu. Wateja wakiisha, Adjudant Bolingo anatoka na kigoda chake, kama afanyavyo kila Jumamosi, kichwa kinyolewe. Anamsalimu mwandishi wa habari hii kwa adabu, anakaa, anainama. Exaucée anapaka povu. Wembe unapita mara ya kwanza, ya pili, mpaka utosini.

“Papa,” anasema kwa Kilingala, kisha anahamia Kiswahili, labda ili na mgeni asikie. “Yule muzee wa Kitwa, ile siku, alisema banakuja kama batoto mbele ya baba yabo.”

Adjudant hageuki. Povu linamtiririka shingoni, halifuti.

“Alisema vile? Kwangu?”

“Kwako, papa.”

Baba anausogeza wembe pembeni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

“Sema tena,” anamwambia. “Sema kwa Kiluba, vile alisema yeye.”